UZI: Wasimamizi wa wanasihi wa afya ya akili vijijini, tunasoma fomu au tunasikiliza kazi?

#1 Mratibu wa Ziwa

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mratibu katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Mwaka huu ni wa nane nasimamia wanasihi wa ngazi ya jamii. Wengi ni wahudumu wa afya ya jamii, wapo wauguzi wachache wa zahanati na afisa ustawi mmoja. Walifundishwa wiki mbili, wakapewa cheti na mkoba, wakarudi vijijini kukaa na watu wenye sonona, wajane, vijana waliokata tamaa, na akina mama waliojifungua ambao hawapati usingizi hata mtoto akilala. Daktari bingwa wa akili aliye karibu yuko hospitali ya rufaa, na kumfikia ni kutwa nzima kwenye basi. Kwa hiyo msimamizi wao ni mimi.

Nina jambo limenikaa moyoni muda mrefu na nataka kulisema mbele ya watu wanaoijua kazi hii.

Miaka miwili ya mwanzo nilisimamia wanasihi kama nilivyozoea kusimamia chanjo. Kila robo mwaka nilidandia gari lililokuwa linapeleka chanjo, nikifika nafungua rejista ya MTUHA, yaani daftari la takwimu za huduma za afya, nahesabu wateja, naangalia kama fomu zimejazwa, naweka tiki kwenye orodha ya ukaguzi, nasaini kitabu cha wageni, naondoka. Robo saa imetosha. Tunauita usimamizi elekezi, na kwa kweli sikumwelekeza mtu popote.

Kulikuwa na mnasihi mmoja ambaye fomu zake zilikuwa safi kuliko za wote. Yale maswali tisa ya PHQ-9, fomu ya kupima dalili za sonona, aliyajaza kwa kila mteja, jumla imepigwa vizuri, tarehe ipo. Nilimtolea mfano kwa wenzake. Siku moja mvua ilinyesha, gari likakwama, tukabaki zahanati asubuhi nzima bila mgonjwa hata mmoja. Nikamwambia, njoo tufanye igizo dhima, mimi niwe mteja. Akanipokea vizuri sana, kwa sauti ya upole. Akauliza la kwanza, la pili, mpaka la nane. Alipofika la tisa, lile la mawazo ya kujiumiza au kuona heri kufa, akainamisha macho, akaandika sifuri, akasema, "Haya mama, tumemaliza."

Hakuniuliza kabisa.

Tukaenda kabatini. Nilitoa fomu za mwaka mzima, nikazipitia moja moja, na la tisa lilikuwa sifuri kwa kila mtu. Wiki zilizofuata nikapita vituo vingine, nikakuta karibu wote wanafanya hivyo. Fomu zote hizo zilikuwa na sahihi yangu.

Nilipomuuliza kwa nini, alinipa sababu tatu. Aliogopa kwamba ukimuuliza mtu unampa wazo ambalo hakuwa nalo. Aliogopa polisi, maana kujaribu kujiua kwetu bado ni kosa kwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, akawaza mteja akisema ndiyo naye ataitwa kutoa maelezo kituoni. Ya tatu aliisema taratibu: "Na akisema ndiyo, mimi huku peke yangu nitafanya nini? Nikikupigia, upo kwenye kikao."

Hofu ya kwanza inajibika darasani, kwa sababu inajulikana kwamba kuuliza hakumpandikizi mtu wazo hilo, na wengi hupumua wanapoulizwa. Ya pili ni ya sheria. Ya tatu ilikuwa yangu. Yule dada alikuwa akijilinda na swali ambalo jibu lake lingemwacha peke yake na maisha ya mtu mikononi, na mimi ndiye niliyemwacha peke yake.

Tangu siku hiyo naamini kwamba msimamizi ambaye hajawahi kuisikia kazi ya mnasihi wake, kwa masikio yake, hajui kinachoendelea ndani ya kile chumba. Rejista haikwambii. Nataka kusikia kwenu mnafanyaje, hasa mlio mbali na mji, bila gari na bila fungu.

#2 Kinyonga Mtulivu

Nimeweka kambi hapa. Mke wangu ni mhudumu wa afya ya jamii. Kuna siku anarudi nyumbani anakaa jikoni gizani hasemi kitu. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye alitakiwa awe na mtu wa kumsikiliza.

#3 Afisa Mipango

Mratibu, heshima yako. Niko upande wa bajeti, niongee ukweli ninaouona mezani. Wilaya ina zahanati zaidi ya arobaini na mratibu wa afya ya akili mmoja, ambaye mara nyingi amepewa na majukumu mengine mawili. Mafuta ya usimamizi yanagombewa na chanjo, kifua kikuu, mama na mtoto. Ukija na hoja kwamba mnasihi anatakiwa akae na msimamizi kila wiki ili "asikilizwe", kikao kinaona ni anasa. Si kwamba watu wana roho mbaya. Dawa zenyewe za akili zinakatika miezi mitatu.

Kwa nini msifungue kundi la WhatsApp, kila mwezi mtu anaandika kesi zake, unajibu, yameisha? Halina gharama.

#4 Mratibu wa Ziwa

Kaka Afisa Mipango, nashukuru umelisema wazi, kwa sababu kikaoni linasemwa pembeni.

Nianze na WhatsApp. Tulilijaribu kundi, na bado tunalo kwa mambo ya ratiba. Lakini simu ya mnasihi wangu kijijini anaishika mume, anaishika mtoto wa darasa la sita anayecheza gemu, ikiharibika inakwenda kwa fundi na kila kitu kilichomo. Siku moja mtu aliandika jina la mteja na kijiji, pamoja na alichofanyiwa na baba wa kambo. Baada ya hapo tukaweka sheria kwamba kwenye kundi hakuna jina, kijiji, umri kamili wala picha ya fomu. Ukiwa na kesi andika "nina mzigo", nami nitakupigia. Shida nyingine ni kwamba kwenye maandishi mtu anakuletea kesi iliyokwisha kunyooshwa. Anaandika "nimempa ushauri, ameelewa." Ushauri upi? Aliusema kwa sauti gani? Mteja alinyamaza wapi? Hayo hayaandikiki.

Sasa gharama. Sikuomba fungu. Nilianza na siku ya gulio. Wanasihi wangu wengi hufika makao ya tarafa siku hiyo kwa shughuli zao, na nauli ya pikipiki ni ndogo kwa sababu watu wanapanda wengi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya gulio, saa nane mchana soko likiwa limepoa, watu sita wanakaa nami chumba cha nyuma cha CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ambacho mchana hakina mtu. Saa mbili tu. Chai ananunua anayeuza zaidi siku hiyo, maana wengine wana biashara zao. Wilaya nzima haiko hivyo bado, nina makundi matatu na maeneo mawili sijayafikia. Lakini makundi hayo matatu hayajamgusa mhasibu.

Tunavyokaa ni hivi. Kabla ya habari yoyote nauliza nani ana mteja wa hatari: mawazo ya kufa, mtoto anayeumizwa, mtu anayepigwa nyumbani, mtu aliyeacha dawa na ameanza kutembea usiku. Hao tunamaliza nao kwanza, kila mmoja anaondoka anajua kesho asubuhi anafanya nini. Kisha tunachagua mteja mmoja, mmoja tu, tunamchambua kwa kina. Mwanzoni nilitaka wote sita wasimulie, ikawa mbio za kusoma taarifa na hakuna aliyejifunza kitu. Sasa mmoja analeta mteja wake na wengine watano wanajiona humo humo.

Halafu tunasimama tunaigiza. Sehemu hii siiruki hata mvua inyeshe. Mwenye kesi anakuwa mteja, kwa sababu anamjua anavyokaa na anavyokwepa, na mwenzake anakuwa mnasihi. Mara nyingi akikaa kwenye kiti cha mteja ndipo anapogundua. Mmoja alinyamaza katikati akasema, "Kumbe nilimkatiza." Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Dakika za mwisho ni zao wenyewe, siulizi habari za mteja.

Kuhusu anasa: ile sifuri kwenye swali la tisa ilisafiri kutoka kijijini, ikapita kwangu, ikaingia kwenye taarifa ya wilaya, ikaonekana kama vijiji vile havina mtu mwenye mawazo ya kufa. Wewe ulipanga bajeti kwa takwimu hiyo, kaka. Tulikupa uongo ulio nadhifu.

#5 Mshauri wa Magharibi

Dada Mratibu, salamu kutoka magharibi mwa Kenya. Mimi ni mshauri nasaha, nimefanya kazi na CHPs, wahudumu wetu wa afya ya jamii, kwa muda.

Kuhusu hofu ya polisi: kwetu kifungu cha 226 kilikuwa kinasema hivyo hivyo, kujaribu kujiua ni kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilikuwa kwenye kikao cha usimamizi wiki ile na nikaona mabega ya watu yakishuka. Lakini usidhani hofu iliondoka siku hiyo. Mtu aliyezoea kwa miaka kumi kuficha, bado anaficha. Tulilazimika kuigiza swali lenyewe tena na tena, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, hadi lilipoacha kukwama kooni. Kwenye lugha ya mama ndiko lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu maneno ya kifo huko yana uzito mwingine.

Kuna utafiti uliofanyika huku Bungoma na kwenu Moshi, matokeo yakachapishwa 2020. Watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walipata tiba ya mazungumzo kwenye vikundi, vipindi kumi na viwili na vichache vya mtoto peke yake, wakalinganishwa na waliopata huduma za kawaida. Waliotoa tiba hawakuwa wataalamu, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Mwisho wa tiba, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi ya huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Watu hunukuu neno "waliofundishwa" na kuliacha "kusimamiwa". Wafadhili hupenda mafunzo kwa sababu yana picha, ukumbi na vyeti. Usimamizi hauna picha. Ni watu sita na chai, kila wiki, mwaka mzima.

La mwisho, na hili limeniumiza mimi binafsi. Nilipoanza, aliyenisimamia kwenye ushauri ndiye aliyekuwa anasaini likizo yangu na kuamua kama mkataba wangu utaendelea. Siku niliyokosea na mteja nilimficha. Nilimwambia kila kitu kiko sawa, na mteja yule hakurudi tena. Ukiweza, tenganisha. Anayesikia makosa ya mtu asiwe anayeshika mshahara wake. Mahali ambapo watu ni wachache mno, badilishaneni: wewe simamia watu wa kituo cha jirani, naye asimamie wako.

#6 Mama wa Kivu

Bonjour kwenu wote, shikamoo wakubwa. Niko Bukavu. Mimi ni msaidizi wa kisaikolojia, kazi yangu ni kuketi na wamama waliobakwa vitani.

Huku kwetu kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2013. Walichukua vijiji vya Kivu, Kusini na Kaskazini, wamama 405. Katika vijiji vingine walifanya tiba ya vikundi, kukutana mara moja peke yake na mara kumi na moja kwa kikundi, vingine wakapata msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliofanya tiba walikuwa wasaidizi kama mimi, waliosoma sekondari tu. Wamama wengi hawakujua kusoma, basi kila kitu ilibidi kifundishwe kwa mdomo na kukumbukwa kwa kichwa. Na walipona sana, hata kuliko walivyotegemea.

Ninachotaka kusema ni namna walivyosimamiwa. Haikuwa mtu mmoja juu na wote chini. Msaidizi alikuwa na msimamizi Mkongomani aliyeijua njia na lugha. Huyo naye alikuwa na mtaalamu aliyeishi huku, anayesema lugha zao na za wale wa ng'ambo. Na mtaalamu huyo alikuwa na watu wa kumsikia kwa simu. Yaani kila mtu alikuwa na mtu nyuma yake.

Basi nakuuliza wewe Mratibu, mama yangu: nyuma yako iko nani?

Maana hapa tunasikia mambo ambayo mtu haisahau. Na tunaishi humo humo. Mwaka jana tulikuwa tunasikiliza wamama huku na sisi wenyewe tunasikiliza kama risasi inakaribia.

#7 Mratibu wa Ziwa

Mama wa Kivu, swali lako nimelisoma mara tatu, nikatoka nje, nikarudi.

Kwa miaka mitano hakukuwa na mtu. Nilikuwa nasikiliza watu kumi na nane wanaosikiliza mamia, nikifika nyumbani nawafokea watoto. Sikulijua kama jambo la kazi, nilidhani nimekuwa mtu wa hasira tu. Sasa tuko waratibu watatu wa wilaya jirani, tunapigiana simu Jumapili usiku bando la usiku likianza. Kila mmoja ana dakika ishirini. Anayesema anasema, wengine wawili kazi yao ni kuuliza, na ni marufuku kutoa ushauri mpaka aombe. Hatuna mtaalamu kati yetu. Lakini siku ile mteja wa mnasihi wangu alipofariki, wale wawili ndio walionizuia nisiandike barua ya kuacha kazi. Mungu awalinde huko mliko.

#8 Mtu wa Mwambao

Asalaam aleikum. Niko visiwani. Naona mazungumzo mazuri, lakini hamjagusa kitu ambacho kwetu ndicho kinachovunja usimamizi. Mgonjwa hafiki kwa mnasihi kwanza. Keshapita kwa mganga, keshasomewa, keshaambiwa ana jini. Mnasihi mwenyewe ni mtoto wa mji, anaamini hayo. Akija msimamizi kutoka mjini anauliza "ulimweleza mteja kuwa ni ugonjwa?", mnasihi anajibu ndiyo, maana ndilo jibu linalotakiwa. Akirudi chumbani anafanya anavyojua.

Mimi niliacha kuuliza hivyo. Nauliza, "Nyumbani kwao wanasemaje kuhusu maradhi haya? Na wewe, moyoni mwako, unaonaje?" Na nikasema tangu mwanzo kwamba hakuna jibu litakalomharibia mtu kazi. Ilichukua miezi. Ndipo mmoja akaniambia kuwa mteja wake amefungwa mnyororo kwa mganga na yeye anajua tangu Ramadhani. Alikuwa ananiletea taarifa zake kila mwezi, kijana wa watu amefungwa. Tulikwenda pamoja na mzee wa mtaa, hatukugombana na mganga, tukakubaliana yeye aendelee na dua na sisi tuje na sindano ya mwezi, mnyororo utoke. Ulitoka.

Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda, daktari bingwa wa akili, alianza mwaka 2006 Mbare, Harare, na mabibi kumi na wanne waliokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, kwa sababu ndani hapakuwa na chumba. Mwaka mmoja kabla alimpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya basi kumfikia hospitali. Nguvu moja ya mabibi wale ni kwamba walitumia neno la Kishona wanalotumia watu wenyewe, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Watu wanavutiwa na utafiti wao wa 2016 uliopima msaada wa mabibi hao, na unastahili. Mimi navutiwa na hilo neno. Msimamizi anayemlazimisha mnasihi aseme "sonona" mahali watu wanaposema "moyo umeniingia kiza" anajifungia mlango mwenyewe.

#9 Binti Mnasihi

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma uzi wote toka jana usiku na nimelia. Nina miezi saba kazini, mkoa siutaji. Msimamizi wangu ni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ni mtu mzuri lakini ndiye bosi, na anaulizaga idadi tu.

Nina mteja, mama, mtoto wake alifariki mwezi wa pili. Tuko naye VICOBA kimoja, kikundi cha kuweka akiba na kukopa, kwa hiyo tunaonana kila Jumamosi. Nimekaa naye mara nne. Mara ya tatu alisema ndani hakuna unga nikampa elfu tano. Mara ya nne hakusema neno, tulikaa tu. La tisa sijamuuliza. Nami niliandika sifuri.

Na kingine, mimi mwenyewe nilipoteza mtoto mwaka juzi. Akianza kulia mimi nabadilisha mada. Sijamwambia mtu hili. Naombeni msinihukumu.

#10 Mratibu wa Ziwa

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa mwanao. Pole sana.

Hakuna wa kukuhukumu hapa, na umefanya kitu ambacho wanasihi wenye miaka kumi hawajafanya, umeileta kazi yako ilivyo. Nikujibu kama ungekuwa umekaa nami siku ya gulio. Usitaje lolote zaidi kumhusu hapa, yatosha. Nitumie namba yako kwenye ujumbe wa faragha nikupigie leo, lakini mengine nayaandika ili na wengine wasome.

Mtafute kesho, usingoje Jumamosi. Msikutane VICOBA wala njiani. Mfuate mahali ambapo hakuna masikio. Umwambie kuna swali hukumuuliza na lilikuwa jukumu lako. Muulize kwa maneno mepesi: "Mama, mtu akipitia msiba kama huu wakati mwingine anaona heri afe. Wewe yamekujia mawazo hayo?" Kisha unyamaze. Utatamani kuongeza neno, usiongeze.

Akisema hapana, umemfungulia mlango na anajua upo wazi. Akisema ndiyo, usishtuke usoni na usimhubirie. Uliza yanamjia mara ngapi, amefikiria atafanyaje, hicho kitu kiko karibu naye sasa hivi, na nani analala naye nyumbani. Kama ana mpango na kitu kiko karibu, haachwi peke yake hata dakika moja. Unampigia mfawidhi wako papo hapo, hili ni jambo ambalo bosi anatakiwa alijue, na rufaa inaandikwa siku hiyo. Kama yapo mawazo bila mpango, mnakubaliana naye jina la ndugu mmoja wa kuambiwa, dawa za shambani zinatoka ndani zinahifadhiwa kwingine, na unarudi kesho yake, siyo wiki ijayo. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie utamwambia nani na kwa nini.

Elfu tano. Sikulaumu, nami nimewahi kutoa. Ila sasa umekuwa mnasihi wake, mwana-VICOBA mwenzake na mtu anayemdai shukrani. Mtu anayekudai shukrani ni vigumu kumwambia kwamba hutaki kuishi. Njaa yake ni ya kweli na ina mlango wake: afisa ustawi, mwenyekiti wa kitongoji, jumuiya yake ya kanisani au msikitini. Kazi yako ni kumfikisha kwenye mlango huo, mkono wako usiwe ndio mlango.

Na hilo la mwanao. Akilia unabadilisha mada kwa sababu kilio chake kinaamsha chako, na hakuna aliyewahi kukupa mahali pa kukiweka. Haina maana huifai kazi hii. Maana yake ni kwamba kabla ya kukaa naye tena kwa kina unahitaji mtu wa kukaa na wewe. Kama baada ya hapo bado ni vigumu, kumkabidhi kwa mwenzako si kushindwa, ilimradi mumkabidhi mkiwa watatu, uso kwa uso, asijione ametupwa.

#11 Mshauri wa Magharibi

Naongeza moja kwa Binti. Mara ya nne mlikaa kimya naye akabaki kwenye kiti. Usione kwamba kipindi kile kilipotea. Muulize siku moja kimya kile kilikuwaje kwake.

#12 Afisa Mipango

Mratibu, nimeusoma #9 mara kadhaa. Mimi mzazi pia. Robo ijayo mezani kwangu kuna mstari wa mawasiliano ambao kila mwaka haumalizwi. Vocha kwa wanasihi na namba moja inayopokelewa muda wote, yenye zamu, inaweza kuingia humo bila kubadilisha kitu kikubwa. Niandikie inahitaji nini kwa mwezi, kwa lugha ya kikao, ukurasa mmoja. Na utaje ile habari ya sifuri, kwa sababu hiyo itawafanya wanyamaze wasikilize.

#13 Mratibu wa Ziwa

Utaupata Jumatatu, kaka. Zamu tutaipanga watatu, ile timu yangu ya Jumapili.

#14 Binti Mnasihi

Wakubwa zangu, narudisha majibu. Ni siku ya tisa leo.

Nilimuuliza. Tulikuwa chini ya mti nyuma ya zahanati. Alisema ndiyo. Alisema tangu mwezi wa tatu. Hakuwa na mpango lakini alisema kuna dawa ya pamba ndani na huwa anaiangalia. Nilitetemeka lakini sikuongea. Akalia, sikubadilisha mada. Tukaenda wote kwa dada yake, yule dada akaichukua ile dawa akaipeleka kwa shemeji yao. Jioni nilimpigia Mratibu, akapokea mlio wa pili. Mfawidhi naye nilimwambia, akaandika rufaa mwenyewe na akanipa lifti ya pikipiki. Wiki hii amemwona daktari msaidizi wa akili, ameanza dawa, na jana kaja VICOBA.

Fomu ya mara ya nne nimeirekebisha, nikaandika tarehe na sababu ya kurekebisha kama ulivyonielekeza.

#15 Mratibu wa Ziwa

Asante kwa kurudi kutuambia. Nimefurahi kwa ajili yake.

Na wewe usiku ule ulilala?

#16 Binti Mnasihi

Hapana. Lakini sikukaa peke yangu. Nilikwenda kwa mama nikamwonyesha zile nguo za mwanangu ambazo sijawahi kuzitoa kwenye begi. Tulizikunja upya wote wawili mpaka alfajiri.